Mabega Yasiyohesabiwa

Katika makaburi ya vita yaliyo kando ya Barabara ya Bagamoyo, Kinondoni, askari wamelala chini ya mawe yenye majina. Wapagazi waliowabebea chakula katika vita ya 1914–1918 walikufa wengi zaidi, karibu 100,000 kwa upande wa Waingereza pekee, na wengi wao kaburi lao halijulikani. Husemwa kwamba mashambulizi ya Jenerali Smuts, kamanda wa Waingereza dhidi ya Wajerumani katika Afrika Mashariki, yaliishiwa nguvu kwa sababu ya umbali, mvua na maradhi. Ni kweli, lakini maelezo hayo yanamruhusu jemadari kujificha nyuma ya mvua. Nashikilia kwamba jeshi likivuka uwezo wake, kosa la kwanza ni la kimaadili: kuna watu ambao hawakuingizwa kwenye hesabu.

Machi 1916 Smuts alitwaa Moshi. Aprili haijaisha, kikosi chake kilichoongozwa na Van Deventer kilikuwa Kondoa Irangi, masika yamefunga njia nyuma yake, farasi wanakufa kwa ndorobo, askari wana njaa na homa. Jangwani huonekana waziwazi jinsi umbali unavyoila shehena yenyewe: mwaka 1942, Jenerali Rommel wa Ujerumani aliposonga mbele kwa kasi hadi El Alamein, malori yaliyomletea petroli yaliichoma njiani. Huku kwetu petroli ilikuwa posho, na lori alikuwa mtu. Mpagazi mwenye mzigo wa kilo 25, akila kilo moja kwa siku, akitembea siku 12 kwenda na 12 kurudi, ameumaliza karibu wote. Kila hatua ya ushindi ilidai mabega mengine, na mengi yalichukuliwa kwa nguvu.

Atasema mtu kwamba adui akiachwa apumue atajipanga upya, hivyo kusita nako kunaua. Hoja hiyo ina uzito mahali pengine. Lakini Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alitaka hasa majeshi mengi yamfuate porini. Kumfukuza kulimtimizia haja, naye hakusalimu amri hadi Novemba 25, 1918. Wala haifai kusema hakuna aliyejua: masika huja kila mwaka, na wenyeji walijua ndorobo wako wapi. Katika Injili ya Luka, Yesu anamtaja mfalme anayekaa kwanza kupima kama watu 10,000 watawamudu 20,000. Sura ya al-Baqara, inaporuhusu kupigana, papo hapo inakataza kuvuka mipaka. Kupima huko kulikuwa wajibu wa Smuts, na nafasi aliipata: Septemba 1916 Dar es Salaam na Reli ya Kati vilikuwa vimeanguka, angeweza kungoja reli itengenezwe. Akavisukuma vikosi vilivyochoka hadi Kisaki, vikakwama Mto Mgeta mpaka Januari.