Mwenye Njaa na Kabati la Sadaka: Je, ni Aibu Kuchukua?



Kuna swali ambalo aghalabu huulizwa kwa sauti ya chini, darsa ikishamalizika na watu wakishatawanyika. Mwanafunzi aliyeishiwa, asiye na cha kutia sufuriani mpaka fedha za nyumbani zifike, je, yafaa aende kuchukua unga na maharage yaliyowekwa kwa ajili ya wenye shida? Au heshima ya Muislamu inamtaka anywe maji, aseme alhamdulillah na alale?

Si swali la nadharia. Kila muhula, mitihani ikikaribia, wapo wenzetu ambao fedha ya chakula wameimalizia kwenye karo, kwa kuwa mwenye deni la karo huenda asiruhusiwe kukaa mtihani. Mmoja anakula kikomando mara moja kwa siku. Mwingine anafunga Jumatatu na Alhamisi, kisha anaongeza Jumanne na Jumatano, na wenzake hosteli wanamsifu kwa uchamungu, kumbe swaumu imegeuka pazia la njaa.

Wanaosema kuchukua ni aibu hawakosi dalili, na ni haki tuwasikilize. Wanatukumbusha hadithi mashuhuri ya mkono wa juu na mkono wa chini, iliyomtukuza anayetoa. Wanataja hadithi iliyopokewa na Bukhari kwamba mtu kuchukua kamba yake akaenda kuteka kuni na kuziuza ni kheri kwake kuliko kuwaomba watu, wampe au wamnyime. Wanataja pia onyo kali juu ya mwenye kuwaomba watu bila kukoma. Zote ni dalili sahihi. Dini yetu haikumlea muumini awe mtu wa kunyoosha kiganja.

Lakini dalili husomwa pamoja na tukio lake. Chukua hadithi ya Qabisa bin Mukhariq (r.a.), aliyoipokea Muslim, ambayo hutajwa sana katika mlango huu. Qabisa alikuwa amebeba deni kwa ajili ya kupatanisha watu, akaenda kwa Mtume (s.a.w.) kutaka msaada. Jibu la kwanza alilopewa halikuwa karipio. Aliambiwa asubiri mpaka sadaka ifike, kisha angeamriwa apewe. Baada ya hapo ndipo akafundishwa kwamba kuomba hakuhalaliki ila kwa watu watatu: aliyebeba deni la suluhu, aliyepatwa na janga lililofagia mali yake, na aliyefikwa na ufukara ukashuhudiwa na wenye busara watatu katika watu wake, na kwamba hao wanachukua mpaka wapate cha kujikimu, kisha waache. Basi hadithi ile ile tunayoitumia kumfungia mwenye shida mlango ilitamkwa kwa mtu aliyekuwa anafunguliwa mlango. Nayo ina mambo mawili, ruhusa na mpaka.

Sasa tuulize: kilicho kibaya katika kuomba ni nini hasa? Imamu al-Ghazali (aliyefariki mwaka 1111), katika kitabu cha ufukara na zuhudi ndani ya Ihya, anaeleza kwamba asili ya kuomba ni haramu ila kwa dharura, na anataja madhara matatu. La kwanza, ndani yake mna kumshitaki Allah kwa viumbe, kana kwamba mtu anatangaza kuwa Mola wake amempunguzia. La pili, mna kujidhalilisha mbele ya asiyekuwa Allah. La tatu, mna kumuudhi anayeombwa, kwa sababu huenda akatoa kwa kuona haya tu, na moyo wake haukuridhika.

Tuyapime madhara hayo matatu kwenye kabati la chakula lililowekwa katika chumba cha msikiti wa chuo au ofisi ya jumuiya. Ndani yake mna unga wa posho, mchele, maharage, sukari, chumvi na sabuni. Waliotoa wameshatoa kwa radhi yao, wakaondoka. Je, anayechukua anamuudhi nani? Hakuna aliyebanwa. Je, anajidhalilisha mbele ya nani? Kama mlango uko wazi na hakuna anayemsimamia kichwani, hakuna. Je, anamshitaki Allah? Hapana, anaipokea riziki ya Allah kupitia mikono ya waja wake, kama anavyoipokea kupitia kwa baba yake au mwajiri wake. Ndiyo kusema kabati, likiwekwa vizuri, humwondolea mwenye njaa yale yaliyofanya kuomba kuchukizwe. Kinachobaki ni haja yake na chakula chake.

Atakayesema kwamba kwenda kabatini ni kuomba kwa miguu badala ya mdomo, hoja yake ina uzito. Tumjibu kwa kisa cha Abu Hurayra (r.a.), kilichomo katika Bukhari.

Abu Hurayra alikuwa mmoja wa Ahlu Suffa, mafukara waliokaa kwenye kibaraza cha Msikiti wa Madina kutafuta elimu. Kwa lugha ya leo, ni wanafunzi wa bweni wasio na mfadhili. Siku moja njaa ilimzidi, akakaa njiani. Akapita Abu Bakr (r.a.), naye akamuuliza juu ya aya ya Qur'ani. Aya alikuwa anaijua. Alitaraji tu kualikwa. Abu Bakr akapita. Akapita Umar (r.a.), ikawa vile vile. Kisha akapita Mtume (s.a.w.), akatabasamu, akayatambua yaliyo usoni na moyoni mwake, akamchukua nyumbani. Palikuwa na bakuli la maziwa. Akatumwa awaite Ahlu Suffa wote, wakanywa hadi wakatosheka, kisha naye akaambiwa anywe, na anywe tena, mpaka akaapa kwamba hana pa kuyapitisha. Mtume (s.a.w.) akanywa wa mwisho.

Tuna mazingatio mawili hapa. Kwanza, Abu Hurayra alikuwa na haya, lakini haya yake haikumfungia ndani. Alikwenda akakaa mahali anapoweza kuonekana. Huko nako ni kuomba kwa miguu, na hakulaumiwa. Mtu huyo huyo ndiye aliyetuhifadhia hadithi zinazohesabiwa kuwa zaidi ya 5,000. Fikiria umma ungepoteza nini lau angeiacha suffa kwa sababu ya tumbo.

Pili, waliompita walikuwa Abu Bakr na Umar, viongozi wa ukarimu. Hawakumpita kwa ugumu wa moyo. Walijibu swali waliloulizwa. Kama watu bora wa umma huu waliweza kutouona uso wenye njaa, sisi tutauonaje, tulio na mihadhara na simu mikononi? Ndiyo maana haitoshi kusema kila mmoja amwangalie jirani yake. Panatakiwa pawe na mahali maalumu panapojulikana, ambapo mwenye njaa hahitaji mtu wa kumsoma usoni.

Jambo hili si geni kwetu wala kwa wengine. Mwaka 1552, mjini Jerusalem, Hürrem, mke wa Sultani Suleiman, aliweka wakfu jiko la kulisha watu supu na mkate, likiendeshwa kwa mapato ya mali za wakfu. Karibu na zama zetu, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, walianzisha ghala la chakula kwa ajili ya wanafunzi wenzao mwaka 1993, na maghala ya aina hiyo sasa yamo katika vyuo vingi vya nchi ile. Ndugu zetu wanaokwenda kusoma huko wanayakuta, na wengine wanauliza kama yafaa kuchukua kwa wasiokuwa Waislamu. Mtume (s.a.w.) alipokea zawadi zao. Mchele na maharage havina dini. Nyama ndiyo ya kuulizia ilivyochinjwa, na sharti ni kwamba chakula kisiwe bei ya kununulia imani ya mtu.

Linabaki la kamba na kuni. Wapo watakaosema, kijana mwenye nguvu na afanye kazi. Kweli, na wengi wetu hufanya: kuuza vocha, kufundisha watoto, kuendesha boda jioni. Lakini Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 1277), tegemeo la madhehebu yetu ya Shafi, ameeleza katika al-Majmu' kwamba mwenye kuweza kuchuma, ambaye ameshughulika na elimu ya sharia kiasi kwamba akielekea kwenye kuchuma ataikosa elimu hiyo, inamjuzia kupewa zaka. Wapo wanazuoni wa zama zetu walioingiza pia elimu nyingine zenye manufaa kwa umma, kwani umma unahitaji waganga na wahandisi kama unavyohitaji masheikh. Ikiwa zaka, yenye masharti yake, yaweza kumfikia mwanafunzi, sadaka ya kawaida ina wasaa zaidi.

Basi mwenye kuchukua ana wajibu gani? Ana wajibu wa ukweli: asiwe amemaliza fedha kwenye simu mpya kisha akaja kula haki ya masikini. Ana wajibu wa kiasi: achukue cha kumvusha, asichukue cha kuweka akiba, kwa sababu nyuma yake yupo mwingine. Na ana wajibu wa kuacha haja inapokwisha, kama Qabisa alivyofundishwa. Hayo ndiyo iffa. Iffa si kuficha njaa mpaka mtu aanguke kwenye maabara. Sharia iliyomruhusu mwenye dharura kula nyamafu ili abaki hai haiwezi kumtaka afe njaa mbele ya gunia la unga wa halali.

Na sisi tunaotoa tuna wajibu mzito zaidi. Tusome tena aya ya 273 ya Suratul Baqara. Inawasifu mafukara waliojizuia hata asiyewajua akawadhania ni matajiri. Tumezoea kuisoma kama somo kwa fukara ajizuie. Lakini inawazungumzia watoaji: inawaelekeza pa kupeleka mali, na inasema mafukara hao hujulikana kwa alama zao. Kazi ya kutafuta wamebebeshwa wenye nacho. Tumegeuza aya iliyomwamrisha tajiri atafute, tukaifanya inayomwamrisha masikini ajifiche.

Kwa hiyo tuangalie tunavyotoa. Tunapompanga mwanafunzi mstari, tukampiga picha ameshika pakiti ya sukari na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp, tumemrudishia udhalili ambao sadaka ilikuja kumwondolea. Aya ya 264 ya sura hiyo hiyo imetuonya kwamba sadaka hubatilika kwa masimango na maudhi. Tunapomjazisha fomu ya kurasa tatu aeleze kipato cha mama yake, mwenye haya atakwenda zake na asiye na haya ndiye atakayejaza.

Hofu ya wadanganyifu isitutie ugumu. Watu wawili wenye nguvu walimwendea Mtume (s.a.w.) kutaka zaka. Aliwatazama juu mpaka chini, akawaambia kwamba wakitaka atawapa, ila hamna fungu humo kwa tajiri wala kwa mwenye nguvu anayechuma. Aliwapa hukumu, akawaachia dhamiri zao. Na katika Bukhari na Muslim mna kisa cha mtu aliyetoa sadaka ikamwangukia mwizi, kisha mzinifu, kisha tajiri. Akabashiriwa kwamba huenda kila mmoja wao akapata humo la kumtengeneza. Onyo likibandikwa mlangoni, yatosha. Anayelipuuza, hesabu yake iko kwa Mola wake.

Mfano wa kufuata tunao kila mwaka. Ramadhani, msikiti wa chuo ukitandika mikeka na kuweka masinia, nani humuuliza mwenziwe kama kweli ni fukara? Mtoto wa tajiri na mtoto wa mjane hula sinia moja, na hakuna anayeinamisha uso. Tulichokosa ni kuibeba adabu hiyo mpaka wiki ya mitihani. Tukiweka kabati ambalo kila mtu huingia chumba chake, huyu kutia na yule kutoa, hapana atakayejua nani amekwenda kwa lipi.

Jibu la swali letu, basi, ni hili: kwa mwenye haja ya kweli, kuchukua si aibu. Ni haki ambayo Allah ameiweka katika mali za wenzake. Aibu ni ya jumuiya ambayo mwanachama wake analala njaa kwa kuogopa macho yake. Ewe ndugu, ewe dada uliyeishiwa, nenda ukachukue, upike, ule, ukasome. Ukijaaliwa kesho, utarudi na gunia begani, na hakuna atakayeuliza kama nawe uliwahi kuchukua.

Allah atupe riziki ya halali, atukinge na udhalili wa haja, na asitujaalie kuwa udhia kwa waja wake. Wabillahi tawfiq.