Banda Lisizibwe

Somo la juma: Mithali 12:10

Juni imeingia, na sisi wa Njombe na Makete tunajua maana yake. Huko Kitulo asubuhi majani yanakuwa meupe kwa sakitu. Kuku wanapunguza kutaga, na mama aliyezoea kuuza trei ya mayai ili anunue madaftari ya watoto anaanza kuhangaika. Basi tunachukua viroba na kuziba kila tundu la banda. Wengine huingiza na jiko la mkaa usiku.

Nia ni njema, lakini tunamtunza kuku kwa baridi tunayoisikia sisi. Mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi, kutupita sisi. Usiku huyatutumua manyoya, hewa ikanaswa ndani yake, akapata joto. Kinachomdhuru zaidi ni unyevu. Banda likizibwa, pumzi na kinyesi hulilowesha, harufu kali ikawachoma kuku macho na kuwaharibu kifua. Na moshi wa mkaa usioonekana unaweza kuua kundi zima kabla ya alfajiri.

Acheni matundu juu, karibu na paa, upepo usiwapige pale wanapolala. Tandazeni maranda makavu, mazito. Fito za kulalia ziwe pana kidogo, ili kuku akichuchumaa vidole vyake vifunikwe na manyoya. Jioni wapeni punje za mahindi, maana chakula kinaposagwa tumboni huupa mwili joto. Asubuhi, maji ya vuguvugu. Chanjo ya mdondo isipite miezi mitatu. Kuku anayetumia chakula kujipasha joto hubakiwa na kidogo cha kutengenezea yai, kwa hiyo mwongezeeni.

Andiko la leo linahesabu utunzaji wa mnyama kuwa sehemu ya haki ya mtu. Na mnyama hawezi kusema shida yake. Ni juu ya mwenye banda kumchunguza mpaka aijue. Huruma isiyochunguza huumiza, hata kwa wanadamu. Bibi kizee tunampelekea sukari, kumbe anakosa mtu wa kumchotea maji. Mfiwa tunamjazia nyumba maneno, naye hajalala tangu msiba. Kijana tunambana kwa amri kwa kuiogopa dunia, mpaka anakosa pa kupumulia.

Juma hili, ingia bandani alfajiri kabla ya kufungulia kuku. Macho yakikuwasha, toboa tundu juu siku hiyo hiyo. Kisha nenda kwa mtu mmoja unayemsaidia, umwulize anahitaji nini, na umsikilize mpaka amalize.

Sala: Ee Yesu, uliyejifananisha na kuku mwenye vifaranga, utupe moyo wa kuwajua wale uliotukabidhi, ili msaada wetu uwafae. Amina.