Dhana za kizingiti na ardhi ya Masisi

Dhana ya kizingiti ni wazo ndani ya fani fulani ambalo mwanafunzi akishalielewa, haioni tena fani hiyo kama alivyoiona jana. Jina hilo lilitolewa Uingereza mwaka 2003 na Jan Meyer na Ray Land, waliposhughulikia swali la kwa nini wanafunzi wa vyuo vikuu hukwama mahali palepale. Wazo la namna hiyo, walisema, hugeuza mtazamo, huunganisha mambo yaliyoonekana kutawanyika, halisahauliki kwa urahisi, na kwa kawaida husumbua. Kabla ya kuvuka, mwanafunzi hubaki mlangoni: uelewa wa zamani umemtoka, mpya haujamkaa. Hapo wengi huiga maneno ya mwalimu, hupata alama nzuri, na bado wako nje.

Picha ya mlango haikutoka darasani. Ilitoka kwa mwanaanthropolojia Victor Turner, aliyeishi na Wandembu wa Zambia miaka ya 1950 akitazama jando lao, mukanda, na kabla yake kwa Arnold van Gennep, aliyeandika juu ya ibada za mpito mwaka 1909. Nadharia inayowafikia wahadhiri wa Afrika kama kitu kipya cha Ulaya ilipita kwanza kwenye kambi ya wavulana porini.

Wanyanga wa Walikale, mashariki mwa Kongo, nao wanalo simulizi la kuvuka. Utenzi wa Mwindo ulisimuliwa na Rureke mwaka 1956, na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakauchapisha mwaka 1969. Mwindo anazaliwa akitembea na kusema. Anamshinda baba yake, Shemwindo, aliyetaka kumwangamiza, na majigambo yake hayana mwisho. Baadaye anaua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba, yaani Radi. Nkuba anampandisha angani, ambako anakaa mwaka mzima akiteswa na baridi, mvua na jua, na kuonywa juu ya kiburi. Anaporudi Tubondo ndipo anapowapa watu sheria. Nguvu alikuwa nazo tangu tumboni; kilichokosekana ni kuelewa uchifu ni nini, na jambo hilo lisingemwingia kwa kuambiwa tu.

Mfano wa leo uko Masisi, hukohuko mashariki mwa Kongo, kwenye sheria ya ardhi. Kijana wa Kihunde amekua akijua kwamba shamba hutoka kwa mwami, yaani chifu, kwamba aliyelipokea humtolea ada ya heshima, na kwamba haki hiyo huwaendea watoto mradi heshima hiyo isikatike. Akifika chuoni Goma kusoma sheria, anakutana na sheria ya tarehe 20 Julai 1973: ardhi ni mali ya Dola peke yake, wala haiuziki, raia hupewa konsesio, yaani haki ya kuitumia. Ardhi inayokaliwa na jamii za vijijini nayo ni ya Dola. Haki za wakazi wake ziliachiwa amri ya Rais, ambayo kwa miongo kadhaa haikutolewa. Kukariri vifungu si kazi. Kazi ni kukubali kwamba neno «mwenye shamba», alilolisikia tangu utoto, halimtaji mtu yeyote machoni pa sheria.

Mwanafalsafa Darrell Rowbottom alipinga nadharia hii mwaka 2007, akiuliza kizingiti hutambuliwaje ikiwa kinachomgeuza mmoja hakimgusi mwingine. Hoja hiyo ina uzito. Kwa mtoto wa mjini aliyezoea hati za ofisini, kifungu hichohicho huenda kikawa tafsiri ya neno tu. Lakini hapo kinachoanguka ni orodha moja ya vizingiti kwa wote. Mlango wenyewe bado upo, kwa kuwa hutegemea mtu alikotoka.

Penye shaka zaidi ni dai kwamba mvukaji harudi nyuma. Mwanafunzi wa Masisi hurudi kila likizo, na nyumbani ada ya mwami bado ina nguvu. Hawezi kuiona tena kwa macho ya zamani, wala hawezi kuiita ujinga, kwa kuwa shamba moja laweza kuwa na hati mikononi mwa mtu mmoja na ada ya mwami iliyotolewa na mwingine. Mtihani unaotaka maana ya konsesio hauwezi kuonyesha kama amevuka. Kesi ya watu hao wawili, wote wakiwa na mashahidi, yaweza kuonyesha.