Ujira wa Mgeni

Islam yatuamuru kutii sheria za nchi, na Mtume Muhammad (s.a.w.) alihimiza kibarua alipwe bila kucheleweshwa. Amri hizi hazipingani.

Tangu 1942 hadi 1964 Marekani iliwaita kwa mkataba wanaume wa Meksiko wakavune mashamba yake. Katika miaka ya mwanzo asilimia 10 ya ujira wao ilizuiliwa kuwa akiba, na wengi hawakuipata kamwe. Siku hizi takriban vibarua 4 katika kila 10 wa mazao huko hawana kibali. Wengine husema wafukuzwe. Wengine husema mavuno yataoza. Sisi twauliza kwanza: Je, wamelipwa?

Serikali ina haki ya kulinda mipaka. Lakini mwenye shamba amtishaye kibarua kwa polisi ili asimlipe ni dhalimu. Kosa la kuvuka mpaka halifuti deni la jasho mbele ya Mwenyezi Mungu.