Ahadi ya kuacha tumbako ni mali ya nani?

Kwetu huku Likasi mtu akiulizwa nani alimfundisha kuvuta tumbako, hatataja duka wala kiwanda. Atataja mtu. Atasema: yaya yangu, mwenzangu wa kazi, rafiki tuliyekaa naye kiti kimoja pa masomo. Wengine watasema ni baba mwenyewe, juu ya wengi wetu tulitumwa utotoni kupeleka sigareti ku mbabula, kuiwasha kwa mdomo na kuirudisha mbio kabla haijazimika. Mvuto wa kwanza ulikuwa kazi ya kutumwa, na mtoto mwenye adabu hakatai kutumwa.

Basi hakuna aliyeanza peke yake. Lakini siku mtu anasema anataka kuacha, tunamwambia jambo jingine kabisa: "Kama uko mwanaume, acha. Njo basi." Kuingia tuliingia wengi, kutoka tunataka kila mtu atoke kwa nguvu zake. Na mtu akiacha kwa kushikwa mkono na wenzake, kuna wenye kusema huyo hakuacha, alizuiliwa paka. Swali letu ni hilo: ahadi ambayo mtu anaitimiza kwa sababu wenzake wanamlinda, ni yake kweli? Na wale wanaomlinda, wanapata haki gani juu yake?

Kwanza tuondoe neno moja njiani. Watu wengine wanasema tumbako ni desturi ya mababu, na anayeiacha anadharau wazee. Jani la tumbako lilitoka Amerika. Wareno ndio walioanza kulileta kwenye pwani za Afrika katika miaka ya 1500, njia moja na mahindi na mihogo. (Bukari yetu pia ni mgeni basi, lakini hakuna anayeilalamikia.) Ni kweli mgeni huyu alipokelewa vizuri. Wachokwe walichonga vinu vidogo vya kusagia tumbako ya pua, kazi ya mikono nzuri sana, hata leo vinu hivyo vinatunzwa katika makumbusho ya Ulaya. Na kwa wazee wetu wengi, kumpa mgeni tumbako ilikuwa sawa na kumpa kiti. Lakini tuangalie vizuri kilichopokelewa. Tunachoita desturi hapo ni ule mkono unaonyosha kitu kwa mwenzako kabla hajaomba. Mkono huo ulikuwako kabla ya tumbako kufika, na unaweza kubeba kitu kingine.

Tuje sasa katika mji wetu. Kiwanda cha Shituru kilianza kazi mwaka 1929. Vizazi vya wafanyakazi wa Union Minière, kiisha wa Gécamines, waliishi kwa zamu, na wazee wanatuambia kwamba sigareti ilikuwa ruhusa ya kusimama kidogo: asiyevuta hakuwa na sababu ya kupumzika. Kiisha ikaja depa volontere ya 2003 na 2004, ambamo wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines katika Katanga yote waliachishwa kazi. Baba waliozoea kuhesabu siku zao kwa zamu walibaki mbele ya nyumba, Kikula na Panda, wakinunua sigareti moja moja kwa mtoto wa detayi. Nikotini inatuliza njaa kwa muda. Mwenye kuvuta asubuhi anaweza kungoja bukari ya mangaribi. Hatusemi hivyo kwa kuisifu tumbako. Tunasema ili mtu asije akaita hali ya baba wale uvivu wa roho.

Mwili nao una hesabu yake. Nusu ya nikotini inatoka katika damu kwa muda wa saa mbili hivi, na ubongo uliozoea unaanza kudai deni. Siku tatu za kwanza njo mbaya zaidi: hasira, usingizi kukatika, mikono inatafuta kitu cha kushika. Baada ya majuma mawili mpaka manne mateso yanapungua. Wachunguzi waliofuata watu wenye kuacha bila msaada wowote waliona kwamba kati ya watu 100, ni 3 mpaka 5 tu wanaofika miezi sita au mwaka bila kurudia. Je, wale 95 waliobaki wote ni watu wasio na akili? Wabemba wanasema umunwe umo tausala inda, kidole kimoja hakitoi chawa.

Mwenzetu mmoja anayefundisha falsafa hakubali. Kwake, uhuru ni mtu kujitawala mwenyewe, na anatuletea Sartre. Sartre, katika kitabu chake L'Être et le Néant cha mwaka 1943, anaeleza mchezaji wa kamari aliyeapa jana kwamba hatacheza tena. Leo akifika mbele ya meza anaona kwamba kiapo cha jana hakimfungi hata kidogo. Lazima aape upya, na hakuna anayeweza kuapa mahali pake. Katika kitabu hicho hicho Sartre anaeleza namna yeye mwenyewe aliamua kuacha tumbako. Mwenzetu anasema: "Munaona? Ni yeye na sigareti yake, hakuna kundi."

Tunakubali nusu. Ni kweli kiapo cha jana hakina mikono ya kumkamata mtu wa leo. Lakini inajulikana pia kwamba Sartre alirudia kuvuta, na alivuta sana mpaka uzee. Kiapo hakina mikono, lakini mtu aliyekisikia anayo. Kwa hiyo tunamjibu mwenzetu kwa habari ya wakubwa wake yeye mwenyewe, Wagiriki. Ulysses alijua kwamba mashua yake itapita mahali pa wale viumbe wa bahari ambao wimbo wao unavuta watu mpaka kifo. Hakusema atajikaza. Aliwaambia wenzake wamfunge kwenye mlingoti, na kama akiwaomba wamfungue, wazidi kukaza kamba. Kamba hiyo ilikuwa ya nani? Waliofunga ni wenzake, lakini aliyeamuru ni yeye. Tena tuangalie mambo mawili ambayo walimu tunayapita haraka: wenzake hawakumfunga kabla hajasema, na walimfungua mara walipokwisha kupita pale mahali. Hawakumweka katika kamba mpaka nyumbani. Anayemlinda mwenzake amekopeshwa mamlaka, na mkopo una mwisho.

Kwamba watu wanaacha kwa kuvutana, hilo limepimwa. Mwaka 2008 Nicholas Christakis na James Fowler walitoa uchunguzi juu ya watu 12 067 wa Framingham, mji wa Marekani, waliofuatwa tangu 1971 mpaka 2003. Mume au mke akiacha, uwezekano wa mwenzake kuvuta ulipungua kwa 67 kwa mia. Rafiki akiacha, ulipungua kwa 36 kwa mia, na ndugu wa tumbo moja, kwa 25 kwa mia. Makundi mazima ya watu yaliacha pamoja, hata watu wasiojuana. Lakini waliona pia jambo la kuhuzunisha: wale waliobaki wakivuta walisukumwa pole pole pembeni, mbali na katikati ya wenzao. Hilo tunaomba msomaji alishike, juu ya linarudi mbele.

Kundi ambalo tunalijua kwa karibu ni dogo: walimu, mafundi wawili wa zamani wa kiwanda, mama mmoja wa soko la Kikula aliyezoea tumbako ya pua, na vijana watatu. Halina jina wala karatasi. Linakwenda sawa na likelemba. Kila mwisho wa posho, kila mmoja anatoa bei ya sigareti ambazo hakuvuta, na mmoja anapokea feza yote kwa zamu. (Vijana hawajui tena kwa nini tunaita juma "posho". Ni kwa sababu ya chakula ambacho kampani iligawia wafanyakazi.) Kabla ya kutoa feza, mtu anasema mbele ya wote: juma hili sikuvuta, au nilivuta. Aliyevuta anatoa feza yake na anaendelea. Sharti ni kusema, njo lile peke yake.

Mmoja wa mafundi wale alikuwa nguzo ya kundi. Alivuta miaka zaidi ya thelathini, akaacha, akafika miezi minne. Kiisha ikajulikana kwamba tangu majuma matatu alikuwa anavuta. Ilianza ku kilio cha shemeji yake, usiku, pale wanaume wanakaa kuzunguka moto na pakiti inapita mkono kwa mkono. Na kila mwisho wa posho alisema "sikuvuta", akatoa feza yake, tukamsifu.

Vijana walisema afukuzwe. Walimu wengine walisema asamehewe tu, mambo yaishe. Yule mama wa soko ndiye aliyeuliza swali ambalo hata mwenzetu wa falsafa alinyamaza nalo. Alisema: "Mu likelemba ya feza, mutu asipoleta yake amekula zamu ya mwenzake. Tunamufukuza, na ni haki. Huyu baba feza yake alileta. Sasa munambie, amekula nini?"

Watu walikaa kimya. Aliyejibu ni fundi wa pili, na hakujibu kwa hasira: "Amekula nguvu yangu. Usiku nikitaka kuvuta, nilikuwa nasema: kama yaya anaweza, na mimi naweza. Kumbe nilikuwa naegemea ukuta wenye hauko."

Tunafikiri hapo swali letu la kwanza linapata jibu lake. Ahadi ile ilikuwa na sehemu mbili, na watu wengi wanazichanganya. Sehemu ya kwanza ni kutovuta. Hiyo ilibaki mali yake. Akivuta, ni shauri lake na kifua chake, na la mke na watoto wake wanaongoja azeeke nao. Hakutukosea sisi kwa kuvuta. Sehemu ya pili ni kusema kweli. Hiyo haikuwa yake peke yake tena, juu ya wengine walijenga juu yake. Mtu ana uhuru wa kuanguka, lakini hana uhuru wa kuwaacha wenzake waegemee mahali ambapo ameshaondoka. Kwa hiyo kundi halikuwa na haki ya kumhukumu kwa sigareti, lakini lilikuwa na haki ya kumdai kweli. Na kumfukuza? Tukumbuke wale wa Framingham waliosukumwa pembeni. Anayefukuzwa anakwenda wapi, kama si kwa wale wenye pakiti?

Alipoulizwa kwa nini alificha, alisema: "Mulinifanya baba wa kundi. Baba anaanguka mbele ya batoto namna gani?" Neno hili si la kudharau. Kwetu huku heshima ni kitu kizuri, lakini sifa nyingi zinafunga mdomo. Mdogo haulizi mukubwa kama amevuta. Rafiki anaogopa kumuumiza rafiki. Basi nani anaweza kuuliza?

Wazee walishajibu zamani: mtani. Wale Wabemba wanawaita banungwe, watu wa koo zenye utani kati yao, wana ruhusa ambayo hakuna mwingine anayo. Hata ku kilio, mbele ya wafiwa, mtani anaweza kucheka, kukemea, kusema wazi kile ambacho wote wanakijua, na anayekasirika ndiye anaonekana mjinga. Hiyo si mchezo wa bule. Ni njia ambayo kweli inapita bila kuvunja nyumba. Kundi lilichukua desturi hiyo: kila mtu alichaguliwa mtani, wa ukoo kama yuko, kama hayuko basi wa kupewa. Yule fundi alipewa mama wa soko. Akimkuta njiani anamwambia kwa sauti: "Baba, leo unanukia sawa treni ya makala, ao ni pua yangu?" Naye anacheka, na akicheka anasema kweli. Kuna mpaka mmoja tu: mtani hamtanii mbele ya watoto wake.

Kilio njo kinabaki mahali pagumu. Nchi yetu iliridhia mkataba wa dunia juu ya tumbako mwaka 2005, na mwaka 2007 waziri wa afya alikataza kuvuta mahali pa watu wote, lakini ni polisi gani ataingia ku kilio usiku kuwazuia wafiwa? Basi watu wa kundi wanakwenda wawili wawili, na karanga za kukaanga katika mfuko na munkoyo katika bidon. Pakiti inapokaribia, mkono wao unakuwa umeshajaa, nao wanapitisha karanga. Mara ya kwanza watu walicheka. Sasa kuna wengine wanaonyosha mkono upande wa karanga.

Fundi yule bado yuko katika kundi, na anasema posho zake, nzuri na mbaya. Jambo moja halijaisha. Baba mkwe wake, mzee sana, akija kutembea anapenda mkwe wake amuwashie sigareti sawa zamani, na mkwe hakataliwi. Je, akiiwasha, amevunja ahadi? Mama wa soko alikata shauri: awashe kwa kibiriti, sigareti ikiwa mdomoni mwa mzee mwenyewe. Mwenzetu wa falsafa bado anabisha.