Huyo Mtoto, Nani Alimwambia?

Wanangu, na ninyi wazee wenzangu mliokaa huko nyuma mkitikisa vichwa, nisikilizeni wote. Nimechoka kuamua ugomvi wa aina moja. Mzee anakuja kulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana akili, jambo ambalo hata mtoto mdogo angelijua wao hawalijui. Kijana naye anakuja kusema mzee kapitwa na wakati, haelewi hata kitu kilicho wazi. Kila mmoja ana hakika kwamba akili ya kawaida iko upande wake. Nawauliza taratibu: huyo mtoto mdogo anayejua, nani alimwambia?

Chukueni kiboko. Mtu aliyekulia Sitalike, kando ya Mto Katuma, anajua kwamba kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani na hurudi alfajiri kwa njia yake ya siku zote, na kwamba ukisimama kati yake na maji atakupitia juu. Hakuyapata hayo kitabuni. Alipokuwa mdogo alitumwa maji, dada yake akamvuta mkono akamwambia pita huku, akamwonyesha majani yaliyolala na kinyesi kilichotapakaa vichakani. Alipofika ukubwani alikuwa kashasahau kama alifundishwa. Anadhani alizaliwa nayo. Sasa mlete kijana wa Makanyagio, mjini Mpanda, aliyekua akichota maji ya bomba na kupanda bodaboda, umpeleke pale alfajiri. Atasimama palepale njiani. Mtasema hana akili. Alichokosa ni dada wa kumvuta mkono.

Na kijana huyohuyo akipata ujumbe kwenye simu unaosema "ile hela tuma kwenye namba hii", anaufuta kabla hajamaliza kuusoma. Lakini wapo wazee wenzangu, watu walioongoza nyumba kubwa kwa heshima, waliokwenda kwa wakala wakatuma pesa ya mahindi kwa tapeli, kwa sababu kweli kulikuwa na mtu waliyemwahidi hela. Wajukuu wakapiga kelele: babu, hilo nalo la kuuliza? Ndiyo, wanangu, ni la kuuliza. Katika ujana wetu aliyejua kwamba una deni alikuwa mtu wa karibu yako. Tapeli ametega mtego wake palepale penye uaminifu wetu. Msimcheke babu. Mwelezeni.

Mnaniuliza kama akili ya kawaida ipo. Ipo. Ila ni ya mahali na ya kazi. Mahali pakibadilika, au kazi ikihama, inaweza kupotea ndani ya kizazi kimoja, na aliyekuwa nayo asijue imepotea lini.

Wazee, msifurahie sana huo mfano wa kiboko. Asali ya miombo ya Inyonga na Mlele imelisha watu kabla ya mgodi, kabla ya tumbaku. Tuliirina kwenye mizinga ya magome. Unachagua mti ulionyooka, unalikata gome mzunguko juu na mzunguko chini, unalipasua kwa urefu, unalivua zima kama shati, unalishona na kulitundika. Mti unabaki umesimama, umekufa. Hatukuuliza, maana misitu ilikuwa mingi na watu wachache. Aliyeuhurumia mti mmoja angeonekana wa ajabu. Leo kijana anatundika mzinga wa mbao, anakataa kubandua gome, nanyi mnamwambia wataalamu wamemfundisha uvivu. Jamani! Akili yetu ililingana na hesabu ya miti ya wakati ule. Hesabu imebadilika.

Nendeni Katumba pia. Makazi yale yalianza baada ya watu kukimbia mauaji ya Burundi ya 1972. Mzee aliyewahi kukimbia usiku huwaza kwanza njia ya kutokea. Mjukuu wake amezaliwa hapa, na familia nyingi zilipata uraia katika zoezi lililowafikia watu zaidi ya 162,000 nchini. Yeye anachoma tofali na kupanda miembe. Babu anamwona mzembe, naye anamwona babu mwoga. Hakuna aliyekosea kati yao, na hakuna aliyekaa chini kumsimulia mwenzake.

Lakini linaloniumiza zaidi ni maji. Katuma unashuka kutoka milimani, unapita mashambani, unaingia Hifadhi ya Katavi, ile iliyotangazwa mwaka 1974, unalisha Ziwa Katavi na Ziwa Chada, kisha unaelekea Ziwa Rukwa. Mwezi wa kumi kaangalieni pale Ikuu. Viboko kwa mamia wamebanana kwenye tope, ngozi zimekauka kwa jua, mamba wamejificha kwenye mashimo ya kingo. Kiangazi kilikuwapo siku zote. Ila huko juu sasa kuna majaruba ya mpunga, na maji yanakingwa yakiwa bado njiani.

Aliyeyakinga si mwizi. Alifika na familia yake kutafuta ardhi, maji yanapita mbele ya shamba, watoto wanataka kula. Kwake yeye kuyaacha yapite ndio upumbavu. Kwa mvuvi wa chini, kuyazuia ndio upumbavu. Wote wawili wana akili timamu, ila hawaonani. Tulipokuwa wachache, mtu wa juu alikuwa na shemeji huko chini; ukiziba, manung'uniko yanakufikia kabla jua halijazama. Leo wa juu hana shemeji chini, na hakuna aliyechukua kazi ya yule shemeji.

Na hapa nawageukia wazee. Sisi tulilelewa kwa miko. Usifanye hivi, basi. Mkoa huu wa Katavi umebeba jina la Katabi, ambaye roho yake inasemekana inakaa kwenye mkwaju kando ya Ziwa Katavi, na watu bado huacha sadaka pale. Nani kati yetu alimkalisha mtoto akamweleza miko yetu ya msituni na majini ilikuwa inalinda nini? Mtoto amekwenda shule, amefundishwa kuuliza kwa nini. Akamwuliza babu, babu akajibu "ndivyo ilivyo". Mwiko ukafa siku hiyo, na tukamlaumu mtoto.

Sasa fanyeni hivi. Kabla kamati za maji hazijakaa kugawa zamu za mifereji, ombeni ruhusa ya hifadhi, wapandisheni watu wa juu kwenye gari, mzee na kijana, waende Ikuu wakaone kwa macho. Watu wa chini nao wapande juu, walale usiku mmoja kwenye nyumba ya mkulima wa mpunga, waone sufuria linagawanywa kwa watoto wangapi. Mkirudi ndipo mbishane. Na yeyote atakayesema "hili liko wazi" alieleze tangu mwanzo, polepole, kana kwamba anayemsikiliza ameshuka Mpanda jana jioni na begi lake. Baba zetu wengi walishuka hivyohivyo, kwa treni, reli ya kutoka Kaliua ilipofika hapa kwenye mwaka 1950 hivi kufuata madini ya risasi, na palikuwa na mwenyeji wa kuwaonyesha maji yalipo.