Je, Neno "Kama Kilivyo" Lamwokoa Mwuzaji?

Ndugu mmoja katika wenzetu wa darsa, ambaye kazi yake ni udalali wa vyombo vya baharini, alituletea suala baada ya sala ya magharibi, na suala lenyewe likatukalisha mpaka adhana ya isha. Alikuwa amepewa kazi ya kuuza chombo cha tanga cha matembezi, katika vile ambavyo Waingereza huviita yoti. Chombo hicho ni cha mbao, cha zamani, na umbo lake lapendeza macho. Kimelala katika hori moja kaskazini ya Mombasa miaka mingi, na mwenyewe ni mgeni aliyekwisha zeeka, ambaye sasa ataka kurudi kwao.

Mwenye chombo alimwagiza dalali mambo mawili. La kwanza, akipake rangi mpya kisha akisifu kwa sifa zake za kweli: ubingwa wa waliokijenga, sitaha yake ya msaji, na safari ndefu kilizozimaliza salama. La pili, aandike kuwa chombo "chauzwa kama kilivyo", wala asitaje lolote juu ya yaliyoko chini. Na yaliyoko chini dalali ameyaona kwa macho yake. Mataruma matatu ya upande wa shetri yameoza kwa maji ya mvua yavujayo kutoka sitahani, na bolti za chuma zinazoufunga mkuku zimeliwa na kutu. Fundi alipochomoa moja ili aitazame, aliikuta imekonda katikati kama kiuno cha nyigu.

"Sikuagizwa niseme uongo," akatwambia. "Kila nitakalolinena ni kweli, na asiyeulizwa hana la kujibu. Je, ujira wangu ni halali?" Alipouliza hivyo hakuna aliyecheka, kwani sote tulijua kuwa fedha hiyo ndiyo aliyoitumaini kwa karo ya watoto wake.

Tumeona ni vema tuyaandike yaliyosemwa siku ile. Wasomaji wetu wengi si wauzaji wa yoti, lakini ni nani kati yetu asiyewahi kuuza nyumba yenye paa livujalo, au gari lenye injini iliyochoka, au cherehani, au ng'ombe? Suala ni moja.

Wako waliosema kuwa kunyamaza si kusema uongo. Mnunuzi ana macho, na ana haki ya kuja na fundi wake. Wakakumbusha desturi ya wazee wetu wa bandarini: jahazi likitaka kuuzwa lilipwelezwa wakati wa maji ya bamvua, na mnunuzi akalizunguka na fundi wakigonga ubao kwa ubao, uliolia ulikuwa mzima, na uliotoa sauti ya mfu ulikuwa mbovu. Wakaongeza kuwa ndiyo sheria ya Waingereza pia, ambayo Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, imechimbuka kwayo: mtu auzaye kitu chake mwenyewe, naye si mfanyabiashara wa kitu hicho, halazimiki kumfumbulia mnunuzi kila ila. Akidanganya ndipo hushtakiwa.

Maneno haya yana ukweli ndani yake, na hatupendi kuyadharau. Mnunuzi mzembe hujiumiza mwenyewe. Lakini desturi ile ya wazee yashuhudia kinyume cha madai yao. Chombo kilipwelezwa ili tumbo lake lionekane. Mwuzaji alikilaza kwa ubavu hadharani, na huko ndiko kubainisha. Huyu wetu ameambiwa akipake rangi na kukiacha majini. Hapana fundi awezaye kugonga bolti iliyozama ndani ya mbao ya mkuku. Haionekani ila ichomolewe, na aliyekwisha ichomoa ni mwuzaji peke yake.

Tena twakumbuka kisa kijulikanacho na kila mtoto wa chuoni. Mtume (s.a.w.) alipita penye chungu ya nafaka sokoni, akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikakuta umajimaji. Mwenye nafaka akasema kuwa ni mvua iliyoipata. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akamtoa mwenye kughushi katika safu ya watu wake. Yafaa tuzingatie kuwa mtu yule hakusema uongo hata mmoja. Aliulizwa akajibu kweli, na kabla ya hapo hakuulizwa. Kosa lake lilikuwa katika kupanga: kavu juu, mbichi chini. Rangi mpya juu ya taruma lililooza ni mpango uleule.

Wako waliosema kuwa neno "kama kilivyo" lakata maneno, kwa kuwa mnunuzi amekwisha kubali. Hili ndilo lililotushughulisha zaidi, kwani neno hili limekuwa sasa kama hirizi: kila mwenye kitu kibovu hulifunga mkononi akaona amesalimika. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafii hawakuliacha bila ya kulitazama. Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa mtu akiuza kwa sharti ya kutoulizwa ila yoyote, kauli yenye nguvu ni kwamba sharti hiyo humwokoa katika jambo moja tu: ila ya ndani ya mnyama ambayo mwuzaji mwenyewe hakuijua. Hekima yake yaonekana. Mnyama hula na kunywa, hali yake hugeuka leo na kesho, na maradhi yaweza kujificha hata kwa mwenyewe. Chombo cha mbao si mnyama, na ila yake si ya kutojulikana.

Kisa kilichotegemewa katika mlango huu ni cha Abdullahi bin Omar, naye ni mmoja wa wachaji Mungu wakubwa katika masahaba. Aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti hiyo ya kutoulizwa ila. Mnunuzi akaja akalalamika kuwa mtumwa ana maradhi ambayo hakutajiwa, shauri likafika kwa Sayyidna Othman. Naye hakusema kuwa sharti imekata maneno. Alimtaka Ibn Omar aape kwamba alipouza hakujua maradhi yoyote. Ibn Omar akakataa kuapa, akamrudisha yule mtumwa. Baadaye akapona kwake, akamwuza kwa dirhamu 1,500. Twaona kuwa swali la kadhi halikuwa "ulisema nini?" bali "ulijua nini?" Ndugu yetu dalali aliposikia kisa hiki aliinamisha kichwa, kwani alijua kuwa kiapo kile yeye hakiwezi.

Akatokea mwenzetu mmoja akasema kuwa dalali si mwenye mali. Yeye ni ulimi tu wa mwingine, tena mwenye chombo na mnunuzi huenda wote wawili si Waislamu. Jawabu lake ni kwamba mafakihi wetu hawakuuweka wajibu huu juu ya mwuzaji peke yake. Wamesema kuwa hata mtu wa kando, asiyeuza wala asiyenunua, akiijua ila imempasa kumwambia anayetaka kununua. Ikiwa mpita njia amewajibika, dalali atajitoa wapi? Na haki ya mtu katika mali yake haiulizi dini yake kwanza.

Hata hivyo, liko jambo zito kuliko yote hayo. Ila ya kitambaa humtia hasara aliyekinunua, naye aweza kusamehe, kwa kuwa haki ni yake. Ila ya chombo haikai kwa mnunuzi. Chombo hupakia watu. Mwaka 2014 yoti moja ya Kiingereza, Cheeki Rafiki, ilikuwa yarudi Uingereza kutoka Antigua, na katikati ya bahari ya Atlantiki mkuku wake ukabanduka. Watu wote 4 waliokuwamo wakafa. Chombo kile hakikuwa kikongwe, wala hatusemi kuwa kiliuzwa kwa hila. Twakitaja ili ijulikane mkuku ukitoka huwaje. Basi, tuseme mnunuzi wa chombo chetu ameambiwa "kama kilivyo" akaridhika. Ameridhia kwa niaba yake. Je, ameridhia kwa niaba ya mkewe na wanawe atakaowachukua Pemba siku ya mapumziko? Ameridhia kwa niaba ya baharia wa mshahara, kijana wa mtu, ambaye hakuuona mkataba wala hakuulizwa? Mnunuzi aweza kusamehe haki yake. Hawezi kusamehe roho za wengine. Kwa hiyo, sharti ya watu wawili juu ya karatasi haiwezi kufunika ila ambayo itawazamisha wa tatu na wa nne.

Mpaka hapa wengi walikuwa wamekubali. Ndipo dalali alipotueleza jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndiyo hoja pekee yenye uzito upande wa pili. Alisema kuwa yule mzee si mwizi. Akipenda chombo chake kama mtu apendavyo farasi wake. Hofu yake ni kuwa ila zikitajwa hapatakuwa na mnunuzi, na chombo kitaozea horini mpaka kipasuliwe kuni. Akidhani kuwa kwa kunyamaza akiokoa kitu kizuri kisipotee duniani.

Hoja hii yataka jawabu, si karipio. Na jawabu twaliona katika mfano uliotokea Uingereza. Mwaka 1966 na 1967 Francis Chichester aliizunguka dunia peke yake katika chombo chake Gipsy Moth IV, akitua mahali pamoja tu, Sydney. Yeye mwenyewe hakuzificha ila za chombo hicho. Alizieleza wazi katika kitabu chake, jinsi kilivyolala upesi kwa upepo na kilivyokuwa kigumu kukiongoza. Baadaye kikawekwa nchi kavu huko Greenwich, London, watu wakitazame, na hapo kikaharibika kwa muda wa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2004 kikauzwa. Bei yake ilikuwa pauni 1, pamoja na gilasi moja ya kinywaji ambacho sisi hatukinywi. Walionunua walikuwa chuo cha ubaharia, nao walijua walichokinunua, kwa kuwa ubovu wake ulikwisha tangazwa mbele ya watu wote. Kikatengenezwa, mwaka 2005 kikarudi majini, mwaka 2006 kikapanda mwamba Rangiroa katika bahari ya Pasifiki, kikanasuliwa na kutengenezwa tena, na tarehe 28 Mei 2007 kikaingia Plymouth baada ya kuizunguka dunia mara ya pili, miaka 40 kamili tangu Chichester alipoingia hapo.

Chombo kile hakikuokolewa na rangi wala na kimya. Kiliokolewa kwa kuwa kilipata mnunuzi aliyejua kazi iliyomngoja, akajiandaa kwa fedha na mafundi. Hili ndilo alilolikosa yule mzee: ukweli humchagua mnunuzi. Atakayesikia habari za mataruma na bolti kisha akataka kununua, huyo ndiye mwenye uwezo na subira ya kukitengeneza. Kimya nacho humchagua mnunuzi wake, naye ni yule mwenye kutoa akiba yake yote kwa bei ya chombo kizima, akabaki hana hata shilingi ya fundi siku ubovu utakapojitokeza. Mtu huyo hukitelekeza chombo mwaka wa pili, na horini hukozea palepale. Basi aliyeficha ila kwa ajili ya kukipenda chombo, amekiua chombo kwa mkono wa mwingine. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nasi twaona kuwa hata kibaya chaweza kuuzwa kwa heshima, kikiitwa kwa jina lake na kutiwa bei yake.

Msomaji atauliza mwisho wa habari. Ndugu yetu aliandika karatasi ya ila zote, moja moja, akampelekea mwenye chombo na kumwomba aiambatishe na tangazo. Mzee alikasirika, akampokonya kazi na kumpa dalali mwingine. Baada ya majuma machache ndugu yetu akapata habari kuwa yuko mtu aliyekwisha kitazama chombo na kukipenda. Akaona kuwa kutolewa kazini hakukumtoa katika kujua. Alikwenda kwa mtu yule na karatasi yake mkononi, akamsomea, akarudi nyumbani bila ya ujira. Mtu yule alishukuru, akaacha kununua. Chombo kingali horini, na karo ya watoto ilikopwa kwa jamaa.

Hatuna faida ya duniani ya kuwaonyesha wasomaji katika kisa hiki. Twalosema ni kwamba mtu yule alipoulizwa swali la kadhi, "ulijua nini?", sasa analo la kujibu. Na kila mmoja wetu afungue ghala yake atazame ni ipi nafaka aliyoiweka chini.

Wabillahi taufiki.